Hesabu ya Miguu

Watu wa mtaa ule wa maduka na karakana walimwita Mama Stuli, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na kila alipoitwa kwenye kazi mpya alifika na stuli yake mwenyewe kwapani. Ilikuwa stuli ya plastiki, ya bluu, iliyopasuka ukingoni. Aliiweka pembeni mwa duka la mtu, akaketi, akatoa penseli na daftari, na kwa siku tatu nzima hakuuliza swali hata moja.

Kazi yake ilikuwa kuwachagulia na kuwatengenezea wenye biashara ndogo hifadhidata, yaani ule mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu zote za biashara na kuzitoa zinapotakiwa. Sema hivyo mbele ya wataalamu wa siku hizi na watakuuliza hiyo nayo ni kazi gani. Si unachukua mfumo mkubwa kuliko yote, basi? Mama Stuli akisikia hivyo damu ilimchemka. Alishamwona mwoka mikate mwenye tanuri moja na wasaidizi wawili akiuziwa mfumo wa kuendeshea benki, na mwoka mikate wa watu akakaa miezi minne akibofya kurasa chungu nzima ili tu aandike kwamba ametoa mkate. Alishamwona pia mwenye bustani ya miche aliyewekewa seva, lile sanduku kubwa la kuhudumia kompyuta nyingi kwa pamoja, ndani ya chumba kilekile anachomwagilia miche. Huko, alisema, ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe la kukodi.

Yeye alianzia masjala. Miaka kumi na tisa aliketi chumba cha chini cha hospitali moja, katikati ya rafu za mafaili zilizogusa dari, na kompyuta ya kwanza ilipoletwa wakubwa wakaiogopa, yeye akaagizwa aifute vumbi. Wiki ya kwanza aliifuta vumbi. Wiki ya pili aliiwasha. Mwaka haujaisha, daktari akitaka faili alikuwa hatumi tena mtu kwenye rafu, anamwita yeye. Alijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea, hasa kwa kukosea. Shahada hana. Ana cheti kimoja cha ukarani, amekitundika ukutani kwenye chumba chake cha kazi juu ya duka la kuchapa kadi, na mtu asithubutu kukicheka.

Kwenye daftari la siku tatu aliandika mambo ambayo wengine hawayaoni. Karatasi moja inapita mikono mingapi. Watu wangapi wanaandika kwa wakati mmoja. Umeme unakatika mara ngapi, na ukikatika nani anakasirika na nani anaendelea na kazi kama kawaida. Akitoka hapo ndipo anaamua: hawa wanatosha na faili moja ndani ya kompyuta moja; wale wana matawi mawili, kwa hiyo data yao ikae kwenye kompyuta za kukodi huko mbali, waifikie kwa mtandao; na wale wengine, kusema kweli, wanahitaji daftari zuri na kalamu isiyovuja. Aliwahi kumwambia hivyo fundi cherehani mmoja na kujikosesha kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi siku moja akapanda ngazi binti wa fundi viatu, akaketi, akaeleza shida yake bila kuzunguka. Karakana ya baba yake ilishona viatu vya watu ambao viatu vya dukani haviwafai: wenye mguu mmoja mfupi, wenye nyayo zilizopinda, wenye vidole vilivyoondolewa, wenye miguu ya bandia. Mafundi kumi na mmoja, na yeye binti kwenye meza ya mbele. Vipimo vyote vilikuwa kwenye madaftari thelathini na kitu, na hasa kwenye kichwa cha mzee. Sasa mzee alikuwa na sabini na minne, macho yameingia ukungu, na hospitali ya viungo iliyowapelekea wagonjwa wengi ilikuwa imetoa sharti. Mkuu wa idara angekuja mwenyewe, baada ya wiki tano, kuona kama karakana inaweza kutoa kumbukumbu ya mgonjwa yeyote papo hapo. Ikiweza, wagonjwa wote wa hospitali wangekuja kwao. Isipoweza, wangepelekwa kwa kampuni kubwa inayoagiza viatu kutoka nje, na karakana ingefunga mlango.

"Baba hajui kwamba nimefikiria kufunga," binti akasema. "Naomba asijue."

Hakuficha pia kwamba kuna kampuni nyingine amekwishaiita ije itoe maelezo. Aliitaja, na Mama Stuli akacheka mpaka miwani ikamtoka. Mtu wa maelezo wa kampuni hiyo alikuwa mtoto wa mdogo wake wa kike, kijana wa miaka thelathini na mbili, msomi, mwenye gari la kampuni na mkoba wa ngozi. Aliyemfundisha kijana huyo kuwasha kompyuta ni yeye.

Walikutana karakanani kesho yake, yeye na stuli, kijana na mkoba. Kijana akamwamkia kwa heshima zote, akampokea na stuli yenyewe, kisha akafungua kompyuta yake na kuonyesha picha za rangi: data yote kwenye kompyuta za mbali, ikifikiwa kutoka kokote duniani, na watu elfu kumi wanaweza kuandika kwa mpigo. Mzee fundi, ambaye alikuwa akisikiliza huku akipapasa soli, aliuliza hao elfu kumi watakaa wapi, maana viti vyake ni vinne.

Mama Stuli aliweka stuli yake pembeni. Aliketi siku zake tatu kati ya harufu ya gundi na vumbi la ngozi, akaandika. Wanaoandika ni wawili, binti na msaidizi wake, na hawaandiki kwa wakati mmoja hata siku moja. Mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Umeme ukikatika, sindano haisimami. Mteja anakanyaga karatasi sakafuni, fundi anauzungushia mguu penseli, anapima kwa utepe sehemu saba. Aliona pia kwamba vipimo vya zamani havifutwi, maana fundi anataka kujua mguu ulivyokuwa mwaka juzi ili aone unaelekea wapi. Mwisho wa siku ya tatu alisimama, akajinyoosha mgongo, akatoa uamuzi: faili moja la hifadhidata, kompyuta moja ndani ya kabati lenye mlango ili vumbi lisiingie, betri ya kuishikilia umeme unapoondoka, nakala kwenye flashi mbili, moja ikienda nyumbani na binti kila jioni na nyingine ikikaa karakanani, zikibadilishana zamu. Mtandao ukipatikana, nakala ya tatu iende mbali. Ukikosekana, kazi iendelee.

"Mama mkubwa," kijana akamwambia nje, "huo mfumo ni wa kizamani."

"Mwanangu, na hao nao ni watu wawili na meza moja. Nisiwavalishe koti la jitu."

Mzee alimchagua yeye. Sababu yake, alivyoieleza mwenyewe, ni kwamba huyu wa stuli alikaa siku tatu bila kumsumbua mtu, na mtu wa namna hiyo ni adimu. Mama Stuli alirudi nyumbani kichwa kimevimba kweli kweli. Mume wake, dereva wa lori aliyekuwa mapumzikoni, alihadithiwa habari hiyo mara mbili kabla ya chakula na mara moja baadaye.

Baada ya wiki mbili na nusu mfumo ulikuwa tayari. Kila mteja alikuwa na mstari wake: jina, simu, vipimo saba vya mguu wa kulia, vipimo saba vya mguu wa kushoto, tarehe. Ili mtu asisahau kupima, aliuwekea mfumo sharti kwamba nafasi ikiachwa tupu au ikiwekwa sifuri haukubali kuhifadhi. Ulikuwa mfumo safi, na aliupenda kama mtu anavyopenda chumba alichokipanga mwenyewe. Madaftari yakaanza kuingizwa. Binti akapiga chapa karatasi za kwanza za kazi, na mafundi wakaambiwa kuanzia sasa wafuate karatasi.

Siku sita kabla ya ugeni, mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua kiatu chake. Mwalimu huyu alikuwa mteja wa miaka mingi. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti tangu akiwa na miaka ishirini, hakutaka wa bandia, na alitembea kwa magongo kwa kasi ya kuwaacha nyuma wenye miguu miwili. Msaidizi wa mezani akampa mfuko. Mwalimu akaufungua palepale kwenye benchi, mbele ya wateja wengine wanne, akatoa kiatu cha kushoto, kisha akatoa cha kulia. Kilikuwa kiatu kizuri, kimeshonwa kwa uangalifu, kamba zimefungwa tayari.

Mwalimu alikishika kile kiatu cha kulia kwa muda mrefu, akakigeuza, akatazama soli.

"Miaka ishirini na sita nafundisha watoto kutoa," akasema taratibu. "Mbili kutoa moja. Hapa naona hesabu hiyo bado ngumu."

Wengine walidhani ni mzaha, wakaanza kucheka, kisha wakamwona uso. Alikiacha kiatu cha kulia juu ya benchi, akaondoka na cha kushoto mfukoni bila kuaga.

Mzee fundi ndiye pekee ambaye angelizuia jambo hilo, na wiki ile alikuwa kliniki ya macho. Mama Stuli alipoitwa, alimkuta binti amejifungia nyuma, macho mekundu. Binti alieleza: mfumo ulikataa kuhifadhi mguu wa kulia ukiwa mtupu. Akajaribu sifuri, ukakataa. Mwisho akanakili vipimo vya kushoto kwenye nafasi ya kulia ili tu usonge mbele, akajiwekea nia ya kumwambia fundi kwa mdomo, na siku hiyo wateja walikuwa wengi, akasahau. Alisema kosa ni lake na baba akirudi atamwambia hivyo.

"Si lako," Mama Stuli akasema. "Wewe nimekulazimisha. Mimi ndiye niliyeandika kwamba kila mtu ana miguu miwili. Niliandika hivyo ndani ya karakana hii, jamani, kati ya karakana zote."

Akaketi kwenye stuli yake, akafungua daftari la siku tatu, akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Wateja kumi na tisa walikuja siku zile tatu. Wote walikuwa na miguu miwili, ya nyama au ya bandia. Miaka yote alikuwa akijisifu kwamba siku tatu zinamwonyesha kila kitu, na hakuwahi kujiuliza nani hakuja. Aibu ilimshika hapo alipoketi, aibu ya kweli. Alitoa penseli akaandika swali hilo kwenye jalada la ndani, akalipigia mstari.

Habari zilimfikia mtoto wa mdogo wake kabla ya jioni, maana mtaa ule hauna siri. Alipiga simu, na hakumcheka, kwa hilo asifiwe. Alisema dawa ni ya dakika tano: aondoe sharti, nafasi iruhusiwe kubaki tupu. Hata mfumo wao mkubwa unafanya hivyo.

Mama Stuli alimuuliza: fundi akiona patupu, atajuaje kama mguu haupo au binti alisahau kuupima? Kijana akafikiri, akasema wangeweza kuweka alama. Akamuuliza tena: na mwenye kiatu cha mguu wa nyama na cha bandia, na yule aliyebadilishiwa bandia mara mbili, na mtoto ambaye mguu mmoja unapimwa kila mwezi na mwingine mara moja kwa mwaka?

"Mama mkubwa, zimebaki siku sita. Kuubomoa wote sasa ni hatari."

"Najua. Ndiyo maana nimeshaanza."

Aliubomoa. Mzee aliporudi kutoka kliniki na kuambiwa yote, binti alitaka kusema wahamie kampuni ya yule kijana. Mzee akasikiliza, akauliza tu kama huyo wa stuli amesema kosa ni la nani. Alipojibiwa, akasema apewe siku zake. Kwa siku tano Mama Stuli alihamia karakanani tangu mlango unapofunguliwa. Mume wake alimletea chakula, akakikuta alichomletea jana hakijaguswa, akanung'unika peke yake.

Sasa mtu alikuwa na ukurasa wake, jina na simu tu. Mguu ulikuwa na ukurasa wake, ukiambatanishwa na mwenyewe: wa upande gani, wa nyama au wa bandia. Na kila kipimo kilikuwa na mstari wake na tarehe yake, kikining'inia kwenye mguu wake. Mtu akiwa na mguu mmoja, kuna ukurasa mmoja wa mguu. Hakuna nafasi tupu, hakuna sifuri, hakuna alama ya kuelezea kilichokosekana. Mguu uliopo una ukurasa, usiokuwepo hauna, na ukurasa usio na kipimo ni kazi iliyosahauliwa. Mzee alipoelezwa alishangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. Yeye maisha yake yote aliwaambia mafundi wake "kulia kwa bwana wa posta" na "kushoto kwa mama wa maua", akitaja mguu kwanza na mwenyewe baadaye. Miguu ndiyo aliyoijua, wenyewe aliwasalimia tu. Mama Stuli alikuwa ameyasikia maneno hayo siku zote tatu, akayaandika hata, akayaona ni vituko vya mzee.

Siku ya tano alikwenda mwenyewe shuleni kumwomba mwalimu radhi. Hakutuma mtu. Alimkuta chumba cha walimu, akamwambia kosa ni lake, si la binti, akamwomba aje aone jinsi alivyoandikwa sasa, na kama hapendi, afute kwa mkono wake. Mwalimu alikuja mchana uleule. Alisimama mbele ya skrini akiegemea magongo, akasoma jina lake, na chini yake mstari mmoja: mguu wa kushoto, vipimo mara tisa, vya kwanza miaka kumi na minne iliyopita. Alitafuta zaidi kwa macho. Hapakuwa na zaidi.

"Kila ofisi ninayoingia," akasema, "wananiandika mguu usiokuwepo. Hapa mmeandika uliopo." Akamwambia binti kwamba kiatu cha kushoto kinambana kidogo kidoleni, waandike na hilo.

Kesho yake mkuu wa idara alifika saa tatu asubuhi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, na orodha ya majina kumi kwenye karatasi. Mama Stuli alikaa pembeni kabisa, kwenye stuli, mikono mapajani. Binti ndiye aliyeketi kwenye kompyuta. Jina la kwanza likatoka, la pili likatoka. Katika la nne umeme ukakatika, mafundi wakaendelea kushona, skrini ikabaki inawaka, binti akaendelea na la tano. Majina kumi yakaisha.

Mkuu wa idara akakunja karatasi, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye orodha: karakana inahudumia watu wangapi?

"Watu mia sita na kumi na wawili," binti akajibu. Akabofya tena. "Miguu elfu moja mia mbili na kumi na mmoja."

Mkuu wa idara alitazama nambari hizo mbili. Alipiga hesabu kichwani, ilionekana. Akasema basi kuna kumi na watatu wenye mguu mmoja, na binti akasema ndiyo, akamwonyesha, mmoja mmoja, kila mmoja na mguu wake. Mkuu wa idara alisogeza kiti karibu. Alisema hospitali ina mfumo mkubwa wa kompyuta, wa gharama, na mwaka mzima anauuliza ni wagonjwa wangapi wanahitaji kiatu kimoja tu, na haujui. Kila mwaka wanaagiza jozi, na viatu vya upande mmoja vinajaa ghalani. Akafungua mkoba, akatoa barua ya makubaliano, akaiweka mezani mbele ya mzee, akachukua kalamu ili aitie sahihi. Binti alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mabega yake yakashuka.

"Nani aliwatengenezea hii?" mkuu wa idara akauliza, kalamu mkononi.

Mzee aligeuza uso kuelekea pembeni, pale ilipoonekana rangi ya bluu. Katika karakana ile neno fundi halikutolewa ovyo. Mtu alishona miaka saba ndipo alipoitwa hivyo, na binti yake mwenyewe, miaka kumi na tisa mezani, hajawahi kuitwa.

"Yule pale," akasema. "Fundi mwenzangu."

Mama Stuli akavaa miwani yake, akaivua, akaifuta kwa ukingo wa kitenge, akaivaa tena. Kisha akasimama wima, mbele ya mafundi wote kumi na mmoja, akampa mkuu wa idara mkono.